Saa ya Kumgeuza Mama

Tarehe 3 Februari

Mdogo wangu Kidomo,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa "mimi ni mzima wa afya". Haya, nimeshasema, tuendelee.

Usishangae kuona karatasi badala ya sauti yangu. Simu Madamu aliichukua kabla ya mwaka mpya. Anasema inaniondolea akili kazini, na kazi yangu ni mgonjwa, si soga. Madamu ni mke wa Bosi, na Bosi ndiye mtoto wa huyu Bibi ninayemtunza. Nyumba nzima ndiyo hao, na mimi wa kuitwa. Mtu wa nje anayeingia ni mmoja tu, yule anayekuja Jumanne na Ijumaa kumfanyisha Bibi mazoezi ya miguu. Mimi humwita Mnyooshaji. Imenichukua mwezi mzima kumsoma kama ana utu, na anao. Ndiye atakayeipeleka barua hii posta. Ukijibu, tumia anwani yake niliyoandika nyuma ya bahasha, ataniletea ndani ya begi lake la mafuta na mipira. Usiandike kwa anwani ya hapa hata kwa bahati mbaya.

Bibi alipigwa na kiharusi miaka minne iliyopita. Hatembei, hajigeuzi, na maneno yote yamemtoka isipokuwa moja: "basi". Akitaka maji, basi. Akichoka na uso wangu, basi. Mwanzoni nilidhani ananifukuza. Sasa naelewa kila basi kwa sauti yake.

Mimi nakaa vizuri. Chumba ni kikubwa, kina dirisha, chakula kipo, na mkataba wangu wa miaka miwili unaisha tarehe 20 Mei. Hesabu siku na wewe. Mwambie Mama asianze kuhamisha makabati kwa ajili yangu, namjua, atajiumiza kiuno bure.

Andika mengi. Hukuitwa Kidomo kwa bahati mbaya.

Dada yako


Tarehe 19 Februari

Dada,

Barua yako imefika imekunjwa mara nane kama hirizi, shangazi alikataa kuigusa mpaka nilipoifungua. Wiki saba kimya! Tulishaanza kuambizana maneno ya ajabu.

Mama mzima, anakusalimu, anasema ule ushibe. Yupo tu, anapumzikapumzika. Shangazi amehamia kwetu kidogo, bila sababu, unamjua akichoka kwake.

Sasa nina swali, na si langu, ni la jirani. Yule fundi cherehani wa nyuma ya nyumba, mama yake ameteleza uani akavunjika nyonga. Hospitali wamemrudisha, wakasema alale mpaka mfupa uunge. Amelala, na fundi wa watu hajui pa kuanzia. Kila akimgusa analia. Chini kabisa ya uti wa mgongo, pale mfupa unapoishia, pameanza kuwa pagumu. Nikamwambia dada yangu hiyo ndiyo kazi yake. Je, wakimgeuza wamshike wapi asisikie maumivu? Na akikohoa kila akinywa maji? Na akikataa kula anasema hana hamu, wafanyeje? Jibu haraka, Dada, fundi ana wasiwasi, hata kushona hashoni.

Kidomo


Tarehe 6 Machi

Mdogo wangu,

Swali lako limenifurahisha kupita kiasi. Huku naulizwa swali moja tu, "umemaliza?", basi kuulizwa ninachokijua kumenifanya nijisikie mtu. Mwambie fundi achukue kalamu.

Mgonjwa havutwi, hubebwa. Ukimvuta juu ya shuka, ngozi ndiyo inayochanika. Achukue shuka la pili, alikunje mara mbili, alitandike chini ya mgonjwa toka mabegani mpaka mapajani. Kugeuza ni kwa shuka hilo, si kwa mkono wa mgonjwa. Kwa kuwa nyonga imevunjika, watu wawe wawili, na mmoja kazi yake iwe ule mguu tu. Mto uwekwe katikati ya magoti kabla ya kugeuza, si baada. Asilalie upande mbovu. Alale ubavu mzima, kisha aegemezwe nusu kwa mto mgongoni, asilale chali kabisa, maana chali ndiko kunakomla pale pagumu. Kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Visigino visiguse godoro.

Pale pagumu asipasugue. Watu hupenda kupasugua, wanadhani wanasaidia. Aguse kwa mgongo wa kiganja asubuhi na jioni: pakiwa na joto kuliko pengine, kidonda kinakuja. Maji anyweshwe kwa kijiko, akiwa ameketishwa, kidevu kimeinama, na asubiriwe ameze. Akikataa kula asibembelezwe kama mtoto. Aulizwe anataka nini. Mtu mzima huulizwa.

Nimefika hapa, nikapumzisha mkono, ndipo nikakumbuka. Kidomo, mama wa fundi cherehani tulimzika. Nilikuwa darasa la saba, wewe bado unabebwa mgongoni, ndiyo maana hukumbuki. Nilikubeba mimi, ukalia msiba mzima mpaka watu wakaulizana wewe ni nani wa marehemu.

Njia ya mwongo ni fupi. Nani ameanguka uani? Usinijibu kwa salamu. Nijibu.

Dada yako


Tarehe 20 Machi

Dada,

Ni Mama.

Alianguka wiki ya kwanza ya Januari, alikuwa anaanua nguo, wingu limetanda. Nilikuwa jikoni, nikasikia ndoo tu. Alikataza usiambiwe. Alisema ukijua utaacha kazi katikati na hao watu watakufanyia visa, bora usubiri Mei uje kwa heri. Akaniapisha. Shangazi akasema mficha maradhi kifo humuumbua, Mama akamwambia, "Na wewe kafunge mdomo wako." Basi tukafunga. Ile ya fundi niliitunga mwenyewe, nikajiona mjanja.

Tumefanya kila ulichoandika. Barua yako nimeibandika ukutani juu ya kitanda. Shangazi anashika mguu, mimi nashika shuka. Mara ya kwanza hakulia, alishangaa tu, akauliza, "Huyu mwanangu kasomea wapi haya?" Pale pagumu joto limepungua. Maji anakunywa bila kukohoa. Nilipomuuliza anataka kula nini akafikiri sana, akasema ndizi mbivu. Alikula nusu.

Lakini Dada, amekwisha. Mkono wake naumaliza kwa vidole viwili. Kila asubuhi anauliza leo tarehe ngapi. Nikimwambia, anakunja vidole, najua anatoa na kujumlisha mpaka Mei. Bado siku sitini. Njoo tu, tafadhali. Mimi naogopa.

Kidomo


Tarehe 4 Aprili

Mdogo wangu,

Sikukasirika. Ningekuwa wewe, na Mama ananitolea macho, ningeapa vilevile.

Nimekwenda kwa Bosi akiwa anakunywa chai. Nikamwambia mama yangu amevunjika nyonga, naomba niende sasa, au ikishindikana, tarehe 20 Mei nisicheleweshwe hata siku moja. Alinisikiliza vizuri, hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. Akaleta mkataba. Kipengele cha tisa: mtumishi atabaki kazini maadamu mgonjwa yu hai na anamhitaji. Miaka miwili ni kiwango cha chini. Saini ni yangu. Unakumbuka yule wakala alivyotusomea pale ofisini kwake, anaruka mistari kama mtu anayevuka madimbwi? Mmoja wa mistari aliyoruka ni huo. Bosi akaniambia kwa upole kabisa, "Siku Mama atakapotangulia, siku hiyohiyo nakukatia tiketi." Pasipoti yangu iko kwenye droo ya chumbani kwao, na ufunguo Madamu anatembea nao.

Na kwa kuwa tumeanza kuambiana ukweli, pokea na wangu. Sina chumba. Kile kikubwa chenye dirisha ni cha Bibi. Mimi nalala sakafuni kando ya kitanda chake, kamba imefungwa toka kifundo cha mkono wake hadi changu, akijitikisa niamke. Juu ya kabati kuna kamera. Barua naziandikia bafuni nimekaa juu ya ndoo, ndipo jicho lake lisipofika. Niliajiriwa kutunza mgonjwa, lakini napika, nafua, napiga deki, na wageni wao ni wangu. Nje ya geti sijatoka tangu mwezi wa tisa. Kiuno kimekwisha, nikimnyanyua Bibi naona nyota mchana kweupe. Nilikuficha, na wewe ukanificha. Tumetoka tumbo moja.

Sasa sikia. Nimemuuliza Mnyooshaji habari za saa. Huku tumewatangulia saa mbili kamili. Mimi namgeuza Bibi kila baada ya saa mbili. Nanyi mgeuzeni Mama kila baada ya saa mbili, ikipiga tu, msichelewe. Saa nne yenu ni saa sita yangu. Nikishika shuka huku, jua wewe pia umelishika huko. Mwambie Mama mikono ni minne.

Nitatafuta njia. Sijui njia gani.

Dada yako


Tarehe 18 Aprili

Dada,

Tumeanza. Shangazi ameazima saa ya ukutani kwa majirani, ikipiga tu anapiga kelele, "Shuka!" kama kondakta. Mama amelipenda jambo hili kuliko dawa. Huyo Bibi wako anamwita "mwenzangu". Ukimgeuza ubavu anauliza, "Na mwenzangu?" Nikimjibu naye amegeuzwa, anasema, "Haya," anafumba macho. Juzi ameniuliza kama mwenzake anapenda ndizi.

Lakini hali si nzuri. Ndizi sasa ni robo. Jana aliniita kwa jina lako siku nzima, nikaitika. Mguu mmoja umevimba, nibonyeze au niache? Usingizini anapumua haraka, anasimama, anaanza tena, ni kawaida?

Nisamehe kwa nitakachosema. Toroka. Geti si lina mlango? Huyo si mama yako! Mama yako yupo huku anahesabu Mei, na mimi kila siku namdanganya kwamba kipengele cha tisa hakipo. Wewe ni kifungua mimba, unajua kila kitu, unajua mito na visigino, halafu mikono yako iko kwa mama wa watu. Nina hasira na wewe na najua si haki.

Kidomo


Tarehe 2 Mei

Mdogo wangu,

Mguu usibonyezwe. Uinueni kwa mto. Pumzi ya kusimama na kuanza huja mwili ukichoka, msimwamshe, kaeni karibu tu. Kutoroka nimekufikiria mara mia: bila pasipoti, nitafika kituo cha polisi, na polisi watampigia Bosi.

Barua hii ukiisoma ichome.

Wiki iliyopita alikuja daktari. Akamkagua Bibi mgongo, nyonga, visigino, kisha akawaita Bosi na Madamu waje kutazama. Miaka minne kitandani, ngozi kama ya mtoto. "Kwa mikono ya huyu dada," akasema, "anaweza kwenda miaka mitano mingine." Madamu alinipigia makofi. Nilikuwa nimeshika beseni la mkojo, nikasema asante. Miaka mitano, Kidomo! Kila ninavyomtunza vizuri ndivyo ninavyojifunga.

Jumamosi sikumgeuza. Nilimgeuza saa mbili asubuhi, kisha nikakaa kwenye kiti. Saa nne ikapita. Saa sita ikapita. Nisikudanganye kwamba nilisinzia. Nilikuwa macho, namtazama, nawaza tiketi. Akaniambia "basi" mara moja. Nilijua ni basi ipi. Kisha akawa ananitazama tu.

Saa nane nikamgeuza. Nyonga ilikuwa ya moto, mduara mdogo, naweza kuufunika kwa kidole gumba. Nimeupepea na kuulinda siku tatu, leo umepoa. Kamera ilikuwa juu ya kabati muda wote na hakuna aliyeniuliza lolote, maana hawajui hata kitu gani kilitakiwa kionekane. Hivi ndivyo ilivyo rahisi. Sasa najua kwamba naweza, na sijui nitaishi vipi na kujua huko.

Usimwambie Mama.

Dada yako


Tarehe 15 Mei

Dada,

Nimemwambia Mama. Barua ilinikuta nimekaa karibu naye, akauona uso wangu, na unajua uso wangu hauna pazia. Ametumia siku mbili kuyasema haya, akipumzika kila baada ya maneno machache. Yanayofuata ni yake.

Mwanangu wa kwanza,

Anaandika mdogo wako, maneno ni yangu, na nimemwambia asitie chumvi.

Nimesikia ulimwacha mwenzangu upande mmoja tangu asubuhi mpaka mchana. Juzi shangazi yako alipitiwa na usingizi, na mimi nikalala vilevile bila kugeuzwa. Kwa hiyo najua alichokisikia. Mwanzo ni moto. Halafu ganzi. Halafu unaanza kuona kwamba watu wamekusahau, na hapo ndipo panapouma kuliko mfupa. Mimi nina mdomo, nilipiga kelele. Yeye ana neno moja, na alikupa.

Ninakutaka hapa. Sijasema sikutaki. Ninakutaka mpaka naota nasikia viatu vyako mlangoni. Lakini sitaki uje kwa mlango huo. Mungu akimchukua, njoo. Ukimharakisha wewe, usiingie chumbani kwangu, maana utanishika na mikono ileile.

Mgeuze. Na ukimgeuza mwambie, mama yangu anakusalimu.

Nakusubiri. Nikishindwa kusubiri si kosa lako. Sikia vizuri: si kosa lako. Kiuno kifunge kwa kitambaa kipana, na usiniletee zawadi.

Mama yako

Dada, ni mimi tena. Baada ya hapo alilala tangu mchana hadi jioni. Mkojo umekuwa mweusi kidogo, nimpe maji zaidi hata kama hataki? Na sauti ile kooni, kama maji yanachemka mbali, ni nini?

Kidomo


Tarehe 29 Mei

Mdogo wangu,

Tarehe 20 imepita. Siku hiyo nilipika kwa wageni kumi na wanane.

Salamu za Mama nimezifikisha. Nilimgeuza Bibi, nikamwambia sikioni, mama yangu anakusalimu, anasema nimekukosea. Akasema basi. Nimekaa naye nikalia mpaka Madamu akaja kuuliza harufu ya kuungua inatoka wapi. Tangu siku hiyo sijakosa saa hata moja.

Maji usimlazimishe. Mloweshe midomo kwa kitambaa kisafi, mara nyingi. Ile sauti ya kooni, mlaze ubavu, kichwa kiinuke kidogo, itapungua. Niambie inakuja saa ngapi na inakaa muda gani. Niambie vidole vya miguu vina joto au baridi. Anakutambua? Anauliza tarehe? Niambie kila kitu, Kidomo, usinichagulie.

Nimemwomba Bosi tena. Nilipiga magoti, sioni aibu kukwambia. Aliniinua kwa mkono wake mwenyewe, akaniambia mimi ni kama mtoto wa nyumba hii.

Mama amenifunga kwa maneno yake na nimefungika. Lakini huo ndio uzi pekee ulionishika. Siku nikisikia hayupo, sijui mikono hii itamfanyia nini huyu wa hapa. Nakwambia wewe kwa sababu hakuna mwingine. Namwomba Mungu nisijaribiwe.

Dada yako


Tarehe 12 Juni

Dada,

Mama yupo. Anakula vizuri siku hizi. Tunamgeuza kama kawaida, saa zilezile, shangazi anashika mguu. Vidole vina joto. Mvua zimekatika. Anakusalimu. Wewe fanya kazi yako kwa amani, umtunze Bibi.

Kidomo


Tarehe 30 Juni

Mdogo wangu,

Nimepata barua yako. Nimefurahi kwamba anakula. Endelea kumnywesha polepole, kidevu kimeinama.

Mimi namgeuza wangu. Nawe mgeuze wako. Usichoke.

Dada yako


Tarehe 15 Julai

Dada,

Siwezi tena. Nilikuandikia uongo, na jibu lako limenivunja kabisa. "Nawe mgeuze wako."

Mama alifariki tarehe 3 Juni, siku ya Jumamosi. Ilikuwa saa nne asubuhi, saa sita yako. Saa ilipiga, shangazi akashika mguu, mimi nikashika shuka, tukamlaza ubavu mzima, nikaweka mto. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na mwenzangu?" Nikamwambia naye amegeuzwa. Akasema, "Haya." Nilikwenda kuchukua kitambaa cha kulowesha midomo. Niliporudi alikuwa ameshaondoka. Sikukawia hata dakika mbili, Dada.

Tulimwosha mimi na shangazi. Shangazi alimtazama mgongo wote, akaniita nami nitazame. Hapakuwa na kidonda hata kimoja. Shangazi akasema hajawahi kuona mtu aliyelala miezi mitano akiwa hivi, akalia sana, akasema, "Hii ni kazi ya yule aliye mbali."

Barua yako ya tarehe 29 Mei ilifika siku tano baada ya mazishi, wageni bado wamo ndani. Nikasoma ulichoandika kuhusu mikono yako. Nikaogopa. Niliogopa kwa ajili ya Bibi na kwa ajili yako, nikasema bora Mama aishi kidogo kwenye karatasi. Sasa sina ujasiri wa kumweka humo hata wiki nyingine.

Kila saa ikipiga bado naingia chumbani. Nafika mlangoni ndipo nakumbuka. Shangazi anataka kitanda kitolewe, nimemkatalia kwa ukali, nimemkosea heshima. Nichukie ukipenda, lakini niandikie.

Kidomo


Tarehe 30 Julai

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Nilijua.

Barua yako ya Juni haikuwa na swali hata moja. Mtu anayeuguza haishiwi maswali. Anauliza mkojo, anauliza pumzi, anauliza kama leo ni kama jana. Wewe ulinipa mistari sita na habari za mvua, wewe ambaye tangu uzaliwe hujanyamaza. Mnyooshaji alinipa siku ya Jumanne. Niliisomea juu ya ndoo, nikageuza karatasi nyuma nikitafuta swali. Sikulipata.

Nilikujibu vile kwa makusudi. Nilijiambia, kama ameamua kukaa naye siku chache zaidi, nani mimi nimnyang'anye? Na mimi nilizitaka siku hizo. Hukunikosea. Kitanda kikitoka, kitoke. Mwombe shangazi radhi, umwambie nimesema mimi.

Kuhusu dakika mbili: wanaoondoka hungoja utoke. Nimesikia hivyo kwa kila aliyewahi kuuguza. Aliondoka amegeuzwa, ana mto katikati ya magoti. Hukuwa mbali. Mimi ndiye niliyekuwa mbali.

Uliogopa mikono yangu, na ulikuwa na haki. Sasa nitakwambia ilichofanya. Siku ile ya Jumanne nilitoka bafuni saa sita ikiwa imefika. Mnyooshaji alishaondoka, Bosi kazini, Madamu kwa dada yake. Nilisimama juu ya Bibi, na mto niliushika kwa mikono miwili. Sikuushika kwa ajili ya magoti. Nilisimama hivyo sijui muda gani. Yeye ananitazama, hakusema basi. Nilisikia sauti ya Mama ikiniambia utanishika na mikono ileile, nikasema kwa sauti, Mama, hutashikwa na mikono yoyote tena, umeshakwenda. Kisha nikakaa chini, mto mapajani.

Nilipoinuka niliuweka mto kwenye kiti, nikaenda kuchota maji ya vuguvugu.

Haikuwa siku yake ya kuoga. Nilimvua nguo zote, nikamfunika shuka, nikamwosha kama alivyooshwa wa kwetu, nilivyodhani mlimwosha. Nilianza na uso. Nikaja masikio, shingo, mkono wa kulia kidole kwa kidole, mkono wa kushoto kidole kwa kidole. Nilimgeuza nikamwosha mgongo wote, ule mgongo uliosifiwa na daktari. Nilikuwa nalia kwa sauti, kamera inaniona, na sikujali. Nilimwita Mama. Sikumwita kwa kukosea. Nilijua ni nani niliyemshika na bado nikamwita hivyo, kwa sababu maji yalikuwa yanapoa na sikuwa na mwili mwingine wa kuosha.

Nilipofika kwenye nyayo alicheka. Miaka miwili na zaidi sijawahi kumsikia akicheka. Maji yalimtekenya. Nikadhani nimesikia vibaya, nikapitisha kitambaa tena palepale, akacheka tena, na mimi nikaendelea kumwosha mama yangu.

Dada yako